Ruhusa ya Siku Tisini

Cimpunda, Bukavu, tarehe 19 Januari 2004

Mama Maombi,

Usinitumie mail tena. Ile ya juzi nimeisoma wa mwisho, nyuma ya watu wote wa avenue yetu. Mwenye cyber aliitoa kwenye mashine, akaisoma, akaiona tamu, akawasomea waliokuwa wanangoja zamu yao. Nilipofika kwa Adèle jirani kununua sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, Adèle akaniuliza kama ni kweli muke wangu sasa anaendesha gari huko Mars. Miye mwalimu wa fizikia, nafundishwa habari za muke wangu na muuza sambaza.

Kuanzia leo andika barua, uifunge na gundi. Masera Adélaïde, mutawa wa parokia yetu, anavuka mupaka wa Ruzizi kila wiki mbili kwenda Cyangugu, na kule anapata mutu wa kuifikisha posta ya Kigali. Itachelewa, lakini itakuwa yetu wawili.

Sasa tuingie mu maneno. Uliondoka hapa kwa miezi mitatu kwenda kusoma mawe. Ulisema mawe. Neno roboti sikulisikia mbele ya ile mail. Na kuna jina nimelihesabu: Didier, mara tano mu ukurasa mumoja. Didier alikupokea, Didier alikuonyesha labo, Didier anasema hivi na vile. Jina langu lilikuwa mule mara moja, pale juu pa salamu. Ni Didier gani? Kama ni yule tuliyekaa naye banc moja mu humanités, kule sekondari, aliyekuwa ananakili majibu yangu ya fizikia, uniambie wazi. Miye nilikuwa wa kwanza, weye wa pili, yeye hata sikumbuki nafasi yake.

Kisha jiwe letu la mulango. Nimelitafuta siku tatu. Mulango wa jikoni unapigapiga na upepo, na jioni sina cha kuusimikia. Maombi anasema ulilivika kitenge ukalitia mu valizi. Mutu anaenda Ulaya na jiwe?

Maombi anakusalimu. Amekuwa wa tatu mu darasa.

Bwana yako,
Floribert


Liège, tarehe 10 Februari 2004

Papa Maombi,

Pole na aibu ya cyber. Nilicheka, kisha nikajilaumu kucheka.

Ndiyo, ni Didier yule yule. Yeye njo anapokeaka picha zinazotoka Amerika na kutugawia mu labo. Iko na muke na watoto wawili, basi tuliza roho. Na hatuendeshi gari, si miye si yeye. Waamerika njo wanaiendesha, sisi tunaangalia mawe inayokutana nayo.

Nikuelezee vizuri, juu wanafunzi wako watauliza. Ni gari ndogo ya magurudumu sita, kichwa chake kingenifika begani. Hakuna mutu anayeshika usukani. Kila asubuhi ya kule wanaiandikia kazi ya siku nzima: songa mita kadhaa, geuka kushoto, piga picha, gusa lile jiwe. Maneno yanasafiri zaidi ya dakika kumi mpaka kuifikia. Kisha inabaki peke yake na kazi yake, na mbele ya jioni inajibu imefanya nini. Tangu ilipotua haijatembea hata kutoka mulango wetu mpaka bomba la maji. Siku zingine wanashinda wakibishana kama isogee mita moja ao mbili, wasije wakaivunja mahali hakuna fundi.

Tarehe 21 Januari ilinyamaza. Wanaiita, haijibu. Hapa watu walikuwa wanasema kwa sauti ya chini kama kwenye kilio, na mama mumoja wa Liège alileta chakula kwa sufuria, kama vile angefanya mutu wa kwetu. Siku ilipoanza kujibu vizuri, nililia. Sikujua kama ningelia.

Kisha ilisaga jiwe lake la kwanza, jeusi, lenye chembe za kijani. Nikaweka pembeni ya picha yake kipande cha jiwe letu la mulango, kilichokatwa kama karatasi. Papa Maombi, ni ukoo mumoja. Njo maana nililichukua. Miaka tisa nilikuwa ninalikanyaga nikienda kugeuza bugali, na nilijua ndani yake iko nini.

Walisema gari itaishi siku tisini, kisha vumbi litafunika vibao vyake vya jua. Siku hizo zinaisha mwanzo wa Aprili, pamoja na miezi yangu mitatu.

Muke wako,
Colombe


Cimpunda, tarehe 7 Machi 2004

Mama Maombi,

Ulilia. Nimerudi hapo mara nyingi. Siku ya kuondoka, pale kwenye kizuizi cha Ruzizi, Maombi alilia, miye nilijikaza nikashindwa, weye ulikuwa unatafuta pasporti mu sakoshi. Nikasema ni mwanamuke wa nguvu. Kumbe machozi yalikuwepo, yalikuwa yanangoja gari.

Na niliposoma kama kila asubuhi watu wanaiandikia na jioni inajibu, niliweka barua chini. Barua yako ilichukua siku ishirini na tatu kutoka kwako mpaka kwangu. Nani hapo iko bwana?

Nimepiga hesabu ya mwendo wake. Mama yangu Agathe, na fimbo yake na magoti yake yaliyovimba, angeipita mbele ya kufika kwenye kanisa. Nilitoa hesabu hiyo kwa darasa la tano nikifikiri watacheka pamoja nami. Hawakucheka. Wanaipenda. Wameichora kwenye ubao wangu na chaki ya rangi ambayo sijui waliitoa wapi, juu sisi walimu tumeshinda muhula muzima bila hata nyeupe. Kila nikiingia wananiuliza: Prof, leo imefika wapi? Nami nasimama pale nikitoa habari za mushindani wangu.

Unasema Didier iko na muke. Sawa. Muke wake iko mu nyumba moja naye? Hukusema.

Mulango nimeutia kufuli, lakini kufuli si jiwe. Adèle ananisaidia na Maombi: anamusuka, anamuangalia nikichelewa shule. Uje, tuache kuomba watu. Ninahesabu siku kwenye kalenda ya parokia, na nilipofika Aprili nimechora duara.

Floribert


Liège, tarehe 8 Aprili 2004

Papa Maombi,

Siku ya tisini imepita juzi. Tulikaa wote tukifikiri gari itaanza kuaga. Ikaamka kama kila siku na kungoja kazi. Imetembea zaidi kidogo ya mita mia sita, vumbi halijaishinda, na sasa wanataka iende mpaka kwenye vilima ambavyo kule mwanzo tuliviona kwa mbali tu, kama kisiwa cha Idjwi siku ya mvua. Pole pole njo mwendo. Waamerika wameiongezea miezi.

Nami wameniongezea. Sizunguki: wanataka nibaki mwaka mumoja, jina langu liandikwe kwenye kazi ya mawe pamoja na yao. Lakini pasporti yangu inaisha mwezi wa saba, na sheria yetu weye unaijua: muke aliyeolewa hapati kitu bila ruhusa ya bwana. Ubalozi wetu wanataka karatasi yenye saini yako na muhuri wa ofisi ya commune, ifike mbele ya tarehe 30 Juni. Isipofika, narudi. Niliposikia hiyo niliona uchungu. Ninasoma mawe ya Mars na siwezi kulala mahali bila mukono wako. Lakini njo hivyo, na ninakuomba. Tangu nizaliwe sijaomba kitu nikitaka hivi.

Jambo la pili. Maombi ameniandikia. Anasema anakula kwa Mama Adèle mara tatu kwa wiki, na "papa anachekaka sana kule." Mama Adèle. Bwana wa huyo Mama Adèle iko Bunyakiri, haonekani tangu miaka miwili. Niliweka hiyo barua chini ya mutungi wa maua nisiione, nikaenda kuichukua tena. Miye sikuwahi kukuchekesha sana, Floribert. Anasema nini, huyo muuza sambaza, cha kuchekesha hivyo?

Colombe


Cimpunda, tarehe 4 Mei 2004

Mama Maombi,

Sisaini.

Ulisema miezi mitatu. Wenye gari walisema siku tisini. Nyote mumedanganya kwa namna moja, na miye njo nimebaki na kalenda.

Unauliza Adèle anasema nini. Anasema bei ya sambaza, anasema mwanamuke fulani aliyeanguka na beseni. Ninacheka juu niko na masikio. Anamusuka mutoto wako juu nywele hazisukwi kwa barua.

Unajua watu wananiita nani sasa? Papa Mars. Ilianza kwa wanafunzi, ikapita kwa walimu, na Jumapili nikitoka misa muzee mumoja wa baraza la parokia akaniuliza kwa upole kama nimesikia habari za bibi yangu, kama vile mutu anavyouliza habari za mugonjwa. Wale walio na huruma njo wabaya zaidi.

Mwaka mumoja, kisha? Ile gari ikiongezewa mwaka mwingine, weye pia? Maombi atavunja ungo bila mama yake, utasoma hiyo mu barua, siku ishirini na tatu baadaye?

Ukitaka saini sana, muombe Didier. Amezoea kunakili mukono wangu. Hata prof wetu hakuwahi kutofautisha.

Floribert


Liège, tarehe 24 Juni 2004

Papa Maombi,

Sijui kama mutu atasoma hii. Radio zinasema wanajeshi wamepigana mu Bukavu, wamepora, wamefanya wanawake mabaya, na mupaka umefungwa. Simu ya parokia haiiti. Simu ya préfet wako, mukubwa wa shule, haiiti. Ni wiki tatu ninawaita, na sasa najua kunyamaziwa ni namna gani. Ile ya gari ilikuwa mchezo.

Barua yako ya tarehe 4 Mei niliipata mwisho wa mwezi. Tarehe 22 Juni nilifanya ulichoniambia. Nilimuomba Didier. Alisaini jina lako mara moja tu, bila kujaribu pembeni, na nilipoliangalia lilikuwa lako kabisa, mpaka ile mukia ya t. Pale ubalozi, habari ya muhuri hawakuuliza sana. Walisema Bukavu iko mu vita, saini itatosha. Imeandikwa mwaka mumoja.

Nikuambie na ile niliyoficha. Muke wa Didier aliondoka tangu mwaka jana. Sikusema juu ya wivu wako. Hakuna kitu kati yangu naye, lakini nilificha, na mutu aliyeficha moja ataaminiwa namna gani kwa ya pili.

Nilifanya na hasira. Nilisema: miezi mitano amekuwa ananifungia mulango, basi nipite kwa dirisha. Tangu siku hiyo sipati usingizi, na si juu ya karatasi. Ni juu ya kufikiri pengine niliiba saini ya mutu aliyekufa.

Unichukie, lakini ukiwa muzima. Maombi iko wapi?

Colombe


Cimpunda, tarehe 12 Julai 2004

Jirani Mama Maombi,

Ni miye Adèle, yule wa sambaza. Bwana yako amenikataza kukuandikia, njo maana ninaandika. Mupaka umefunguliwa, Masera anavuka kesho.

Kwanza: wote wako wazima. Keti sasa, unisikilize.

Ile barua yake ya kukataa, aliituma akiwa na hasira, na wiki haikuisha hasira ikamuishia. Alikuja kwangu akiwa na uso wa mutu aliyekula kitu kibaya. Nikamuambia: Papa Maombi, hauna wivu na mwanaume, uko na wivu na kazi, na kazi haipigwi. Alikasirika, akaenda. Tarehe 24 Mei akavaa koti lake la misa, akaenda commune ya Kadutu, akasaini ile ruhusa yako na muhuri ukapigwa. Masera alikuwa avuke tarehe 27. Risasi zilianza tarehe 26. Basi karatasi ikabaki mu mufuko wa koti, na koti mwilini mwake. Hakulivua tena.

Tarehe 3 Juni, saa nane ya mchana, wanajeshi wakaingia mu parcelle yenu, mu kiwanja cha nyumba. Mulango wenu, tangu lile jiwe liondoke, hata mbuzi anausukuma, na kufuli iliruka na teke moja. Maombi alikuwa kwangu, nilimulaza chini ya mabeseni na magunia ya makala ya kupikia juu. Hakuna aliyemugusa. Hiyo nikuapie mara mbili kama unataka: hakuna aliyemugusa.

Walitaka simu, hakuwa nayo. Walitaka pesa, ya mwalimu munaijua. Wakamupekua, wakatoa ile karatasi, na mumoja akaisoma kwa sauti: mwenye kuandika hii anamuruhusu muke wake kukaa Ubelgiji. Papo hapo wakasema, kumbe muke iko Ulaya, basi toa dola. Alisema hana. Wakamupiga. Walitaka kuipasua, akaishika na mikono miwili kama mutoto anayenyanganywa mukate, na hapo njo walimuvunja muguu wa kuume na kitako cha bunduki. Waliondoka na radio na godoro. Karatasi walimuachia.

Muguu umefungwa, unaungana vibaya. Anatembea na gongo mbili mpaka kwenye mulango wangu, anarudi. Anahesabu hatua kwa sauti.

Alisema nisikuambie, juu utarudi kwa huruma, na yeye hataki muke wa huruma. Karatasi ninaiweka humu ndani. Ilichafuka kidogo pembeni, usiulize na nini.

Na kuhusu miye: najua ulichoandika, Maombi alinisomea. Usiogope. Wangu wa Bunyakiri, hata asipoonekana, ananitosha na masumbuko yake. Wako anaongea magurudumu kutwa nzima. Nani atamuchukua?

Adèle


Liège, tarehe 30 Julai 2004

Papa Maombi,

Karatasi imefika.

Niliisoma nimesimama mu koridori. Umeandika siku tisini. Si mwaka, siku tisini, kuanzia siku itakaponifikia. Hata ukisamehe unapima. Nilikuchukia hapo kidogo, kisha nikaiona ile pembe iliyochafuka, nikakaa chini kwenye sementi na watu wakanipita.

Nilikuwa na karatasi mbili sasa. Ya Didier, safi, mwaka mumoja, imekwisha kukubaliwa. Na yako. Jana nilikwenda kwenye ile ofisi ya ubalozi nikasema ile ya kwanza si mukono wa bwana yangu. Mama wa pale aliniangalia sana. Angeweza kuniitia polisi. Akauliza mbona ninaleta ndogo mahali pa kubwa. Nilimuambia hii imelipiwa. Akaipokea, akanirudishia ya kwanza, nimeichoma. Didier amekasirika, anasema nimemuaibisha na nimejikatia kazi. Pengine ni kweli. Siku tisini zinaisha tarehe 27 Oktoba, na kazi ya mawe haitaisha mbele ya mwaka.

Jiwe. Adèle aliandika habari ya mulango bila ubaya, kama mutu anayeeleza. Tangu nilipoisoma sijaweza kuangalia vipande vyetu kwenye darubini. Nusu bado iko nzima. Nitakuja nayo mukononi, si mu valizi.

Nilikuwa na wivu na Adèle. Ninao bado, lakini wa namna nyingine: yeye alikuwa hapo.

Unaniulizaka gari imefika wapi, ukijifanya ni wanafunzi. Imefika chini ya vilima, zaidi ya kilomita tatu. Gurudumu moja la mbele, la kuume, limeanza kuuma. Basi waligeuza gari, sasa inatembea kinyumenyume na kulikokota lile bovu. Siku nilipoona picha ya ule mufereji kwenye vumbi nyuma yake, sikujua bado habari za muguu wako.

Colombe


Cimpunda, tarehe 12 Septemba 2004

Mama Maombi,

Barua zako mbili, ya Juni na ya Julai, Masera alinipatia siku moja. Ilibidi nisome ya Juni kwanza, juu ya tarehe.

Nilipofika kwenye Didier na mukia ya t, nilitupa gongo. Lilimpiga mbuzi wa Adèle. Mutu yule alinakili fizikia yangu nikanyamaza. Anakaa mahali ningekaa nikanyamaza. Sasa ameingia mpaka mu jina langu. Nilikaa na hiyo sumu saa nzima, na Maombi akinichungulia. Nikajiambia: Floribert, weye njo ulimutuma. Kisha nikafungua ya Julai.

Nikuambie ukweli, sitausema mara ya pili. Si Didier. Wivu wangu ulikuwa na ile gari tangu siku ya cyber, na si juu ulipenda gari kunipita. Miye njo nilikuwa wa kwanza mu darasa. Nilifundisha miaka kumi na mbili mwendo na uzito bila chaki, nikichora hewani na kidole, na siku mutu wa kwetu ameitwa kuangalia mawe ya sayari nyingine, akaitwa wa pili. Nilifurahi kwa ajili yako na mudomo. Moyo uliniuma kama jino. Ningeandika mwaka, niliandika siku tisini, nikisema nami nishike kitu. Kisha nikavunjwa muguu kwa ajili ya karatasi ya mutu bahili. Njo maana sikutaka ujue.

Na weye ukaenda kurudisha mwaka, ukashika hizo tisini zangu. Hukunifanyia vizuri. Ungenidanganya ningeweza kuendelea kukasirika.

Basi Jumanne nilivaa koti. Kutoka kwetu mpaka commune nilikuwa ninatembea dakika ishirini. Safari hii nilitoka saa moja nikafika saa tano kasoro. Nilikuwa ninapanga kama wenzako: mpaka kwa muuza makala, pumzika, mpaka kwenye nguzo ya stima, pumzika. Pale penye mutelemuko nilishuka kinyumenyume, nikikokota muguu. Wanafunzi wangu wawili waliniona, na kesho yake ilikuwa imechorwa kwenye ubao: miye, magurudumu sita.

Karani alikuwa yule yule wa Mei. Akatoa karatasi mupya, akafika mahali pa muda. Akauliza: mwalimu, tuandike tena siku tisini?

Nilikuwa nimejitayarisha njia yote. Nikamuambia: andika, mpaka ile gari isimame.

Karani akaweka bic chini. Akauliza gari gani, nikamueleza. Akauliza kama iko na nguvu bado. Hapo nikukiri, Mama Maombi, nilikuwa nimefanya ujanja. Nikamuambia kwa furaha kidogo: gurudumu moja limekwisha kuharibika, inalikokota kinyumenyume, na walisema itaishi siku tisini tu, haina siku nyingi.

Aliniangalia gongo, akaniangalia muguu, akaangalia saa ya ukutani.

"Weye umetoka Cimpunda na muguu huo leo?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi bibi yako atachelewa," akasema.

Nikachukua bic, nikasaini.

Floribert